Salome wa Bibi na Salome wa Mjukuu: Wimbo Unaoweza Kumrudishia Mtoto Kihaya

Watoto wengi wa Ijuganyondo, mjini Bukoba, wanaujua wimbo wa Salome. Wanaujua kwa sauti za Diamond Platnumz na Rayvanny, walioutoa mwaka 2016. Wasichokijua wengi wao ni kwamba wimbo huo una mama yake, na mama huyo ni wa hapa hapa Bukoba.

Saida Karoli alizaliwa mwaka 1976 katika kijiji cha Rwongwe na alianza kupiga ngoma tangu utotoni. Mwaka 2001 alitoa albamu yake ya kwanza, Maria Salome. Wimbo uliobeba jina hilo ndio ambao watu wengi wanauita Chambua Kama Karanga.

Wakati ule Bongo Fleva ilikuwa inapanda kwa kasi, huku dansi na taarabu vikiwa na mashabiki wake wa siku nyingi. Ungedhani mwimbaji wa ngoma za asili, tena anayeimba Kihaya, ataishia kwenye harusi za kwao. Haikuwa hivyo. Nyimbo zake zilipigwa nchi nzima, zikavuka mpaka hadi Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Watu waliocheza Dar es Salaam hawakuelewa maneno mengi, lakini walicheza. Kule Ankole, Uganda, walielewa kiasi, kwa kuwa Kihaya na Kinyankole ni lugha ndugu.

Kwa Wahaya walioishi mbali na nyumbani, jambo hilo lilikuwa kubwa. Lugha waliyoizungumza kwa sauti ya chini mbele za watu sasa ilikuwa ikisikika kwenye spika.

Leo hali ni nyingine. Mtoto wa mjini anaamka na Kiswahili, anasoma kwa Kiswahili au Kiingereza, na katuni anazotazama haziongei Kihaya. Baba na mama wakiwa wa makabila tofauti, ndiyo kabisa. Likizo ya Desemba ikifika, anapelekwa kwa bibi Muleba msimu wa senene. Bibi anauliza, mjukuu anatabasamu tu. Mama anageuka mkalimani kati ya watu wawili wa damu moja, na siku mama asipokuwepo, wawili hao wanabaki kimya.

Albamu moja haifundishi lugha, ila inaweza kuwa mlango. Mtoto hasukumwi kujifunza wimbo anaoupenda tayari.

Mzazi afanye nini?

Anza na ule anaoujua. Mwambie kuna Salome wa kwanza, kisha mtafute pamoja kwenye simu. Hizi ni nyimbo za mapenzi, kwa hiyo sikiliza na utazame mwenyewe kwanza, hasa video ya mwaka 2016, uone kama inafaa kwa umri wake.

Mwache aulize. Akitaka kujua maana ya neno, usikimbilie kumjibu hata kama unalijua. Mpigie bibi, mpe mtoto simu aulize mwenyewe. Mfundishe kutaja "waitu" anapoongea na bibi, kwani heshima ni sehemu ya lugha.

Usimcheke. Mtoto akikosea matamshi na watu wazima wakaangua kicheko, hatajaribu tena. Mrekebishe taratibu, kama ulivyofanya alipokuwa anajifunza kuongea.

Wapeni neno kazi. Maneno matatu kwa wiki yanatosha, ilimradi yatumike jikoni, shambani au mezani. Neno lisilotumika husahaulika.

Kama mwenzako si Mhaya, mshirikishe. Wimbo wa kwao nao upigwe, na mtoto ajue kwamba ana pande mbili.

Na bibi akiwa bado ana nguvu, mrekodi akiimba nyimbo za utotoni mwake. Hizo hazimo kwenye albamu yoyote, na mtu wa kuziuliza ni yeye.