Injini Kongwe na Pumzi Mpya

Katika siku za Vita Vikuu vya Pili, mji wa Coventry huko Uingereza ulipokuwa ukinyeshewa mabomu, William Lyons, mkuu wa kampuni iliyokuja kuitwa Jaguar, na wahandisi wake, William Heynes, Walter Hassan na Claude Baily, waliokuwa na zamu ya usiku ya kukilinda kiwanda dhidi ya moto, walizipitisha saa za doria kwa mashauri ya injini ambayo hapakuwa na njia ya kuiuza mpaka vita viishe. Na mashauri hayo ndiyo yaliyozaa injini ya XK, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 3.4, iliyodhihirishwa London mwezi wa Oktoba 1948 ndani ya motokaa ya spoti iitwayo Jaguar XK120. Injini hiyo iliishi miaka mingi, na katika maisha yake ilibadilishiwa hedi mara kadhaa bila ya bloku kugeuka sana. Na kwa ajili hiyo mwenye motokaa ya 1950 aweza hata leo kuivika injini yake hedi iliyobuniwa miaka minane baadaye, nayo ikakaa mahali pake.

Hedi, kwa wasioishughulikia, ni kile kifuniko kizito cha aluminiamu kilichokazwa juu ya bloku ya chuma cha kusubu, ambamo mna njia za kuingizia hewa na kutolea moshi, valvu za kuzifungua na kuzifunga njia hizo, na, katika XK, kamshafti mbili za kuzisukuma valvu. Injini izungukapo mara 5000 kwa dakika, pistoni hushuka kuvuta hewa kwa muda wa sehemu 6 za elfu moja ya sekunde, na silinda zote sita, laiti zingejaa barabara, zingemeza lita zipatazo 8600 kila dakika. Lakini hazijai. Nguvu hufuata kadiri ya hewa iliyopatikana kuichoma petroli, na aghalabu kinachoibana hewa hiyo ni hedi.

Hedi ya kwanza ilitengenezwa kwa ushauri wa Harry Weslake, bingwa wa mikondo ya hewa, ambaye alizipa njia za kuingizia mpindo kidogo, muradi mchanganyiko uingie silindani ukizunguka na petroli ikolee hewani kabla ya cheche. Ilitoa nguvu za farasi 160. Ilipokuja motokaa ya mashindano ya C-Type, iliyoshinda Le Mans mwaka 1951, valvu za moshi zilikuzwa kutoka kipenyo cha milimita 36.5 hadi 41.3, jambo lionekanalo dogo mpaka mtu apige hesabu ya eneo akaona kuwa limezidi kwa zaidi ya robo. Na kamshafti zikapewa kuinua valvu milimita 9.5 badala ya 7.9. Hedi hiyo ya C iliuzwa baadaye katika motokaa ya XK140, ikaipandisha kutoka farasi 190 hadi 210. Kisha mwaka 1958 ikaja hedi ya njia nyoofu katika XK150 S, yenye kabureta tatu, na farasi 250.

Kwa hesabu hiyo, mwenye kutamani atakimbilia njia nyoofu. Mimi sishauri, ila kwa mtu wa mashindano. Njia pana ya namna hiyo, iifaayo injini katika mizunguko 5500, huidhuru katika 2000, kwa kuwa hewa ile ile ikipitishwa mahali papana hupunguza mwendo, kama maji ya kijito yaingiapo bwawani, na hewa ikizubaa, matone ya petroli huangukia kutani na ule mzunguko alioutaka Weslake hupotea. Jaguar wenyewe walilijua hili. Katika XK150 nyingi waliweka hedi ya B, yenye valvu kubwa za moshi kama za C ilhali koo za kuingizia hewa zimebaki nyembamba kama za awali; farasi ni wale wale 210, lakini kilele cha nguvu ya msokoto kilishuka kutoka mizunguko 4000 hadi 3000, na huko chini ndiko dereva wa barabarani aishiko. Fauka ya hayo, mbano wa injini hii hutegemea zaidi umbo la kichwa cha pistoni, hata hedi yoyote ikiwekwa juu ya pistoni za mbano wa 7 kwa 1, sehemu ya faida yake itabaki imelala.

Kazi yenyewe ni ya subira. Stadi za chuma za kuikazia hedi, zilizokaa miaka ndani ya aluminiamu, hushikwa na kutu, hata hedi ikakataa kung'oka ingawa nati zote zimekwisha funguliwa, na anayeichokonoa kwa bisibisi huukwaruza uso unaotakiwa kulala sawa juu ya gasketi. Hedi mpya haifai kulazwa juu ya meza kifudifudi, maana valvu zilizofunguka hutokeza nje, nazo zikipinda hazina dawa. Wala kamshafti moja haizungushwi peke yake, kwani valvu za kuingiza na za kutoa zaweza kugongana. Linalonipendeza kuliko yote ni upimaji wa nafasi ya valvu. Chini ya kila kikombe cha kusukumia mna kisahani cha chuma chenye herufi: A ni unene wa inchi 0.085, kila herufi inaongeza sehemu moja ya elfu ya inchi, mpaka Z yenye 0.110. Fundi hupima kwa kipimo cha fila, akitaka inchi 0.004 upande wa hewa na 0.006 upande wa moshi, huandika, huzing'oa kamshafti, hubadilisha visahani, huzirudisha, kisha hupima tena, na mara nyingi hukuta amekosea herufi moja.

Hedi za C zilipakwa rangi nyekundu, za B buluu, na za njia nyoofu rangi ya dhahabu, na kwa kuwa rangi ni rahisi kuliko hedi, mnunuzi asiiamini. Atazame namba: Jaguar waliigonga namba ya injini kwenye bloku na kwenye hedi pia, pamoja na tarakimu ya mwisho ya kuonyesha mbano, na hedi iliyohamishwa hubeba namba ya injini nyingine. Ndiyo maana wenye hadhari huihifadhi hedi ya asili ghalani, imepakwa grisi, ili siku ya kuuza motokaa wamkabidhi mnunuzi zote mbili.