Mwenzetu wa Kazi Anapotaja Imani Yake



Jumanne asubuhi kikundi kiko kwenye kitalu cha miche. Mama mmoja anafika na kusema, "Bwana asifiwe!" Wengine wanaitikia, "Amina!" Mwingine anajaza udongo kwenye karatasi za miche huku akisimulia jinsi Mungu alivyomponya mtoto wake juzi. Kijana anasema kesho ataleta mbolea, "inshallah". Kuna na mzee mmoja ambaye hasemi kitu. Hakatai, haitikii, anaendelea tu kumwagilia maji. Basi kuna wanaoanza kunong'onezana: "Huyu naye ni wa kanisa gani?"

Swali tunaloulizwa mara nyingi na vikundi ni hili: maneno ya dini yaruhusiwe kazini ama yakatazwe? Sisi tunasema yasikatazwe. Lakini kuna mambo mawili ya kulinda. Maneno ya imani yasichukue mahali pa daftari, wala yasiwe mizani ya kumpimia mwanachama. Kikundi kikishika hayo mawili, imani ya kila mtu itakuwa msaada. Kikiyaacha, mtaona watu wazuri wakipotea mmoja mmoja bila kusema sababu.

MAZOEA HAYA YALITOKA WAPI?

Kumtaja Mungu katika mazungumzo ya kawaida si jambo geni kwetu. Wazee wetu walimtaja wakati wa kupanda, kuvuna na kuanza safari. Wengine walimwita Ngai, wengine Nyasaye, Were, Asis, Akuj au Mulungu, kila jamii kwa lugha yake. Hata Kiswahili chenyewe tunachotumia kimebeba imani ndani yake. Maneno kama baraka, dua, sadaka, shukrani na imani yalitoka kwa Kiarabu. Mkristo anayesema "ubarikiwe" na Mwislamu anayesema "alhamdulillahi" wanachota karibu kisima kimoja.

Halafu kulikuja uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Ulipita Uganda, na mwaka wa 1937 ukafika Kenya. Waliookoka walizoea kusimama mbele ya wenzao na kutoa ushuhuda, yaani kusema wazi makosa yao ya zamani na jinsi walivyobadilika. Tukumbuke jambo moja ambalo siku hizi linasahaulika. Ushuhuda wa ndugu wale haukuwa maneno matupu. Wengi walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni ya zamani, wakaenda kupatana na jirani waliyekosana naye.

Upande wa Wakatoliki, maaskofu wa Afrika Mashariki walio katika AMECEA walikubaliana mwaka wa 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe kazi ya kwanza katika uchungaji. Tangu wakati huo watu wamezoea kukutana nyumba kwa nyumba, kusoma Injili na kusema imegusa maisha yao namna gani. Mtu aliyezoea hivyo katika jumuiya hawezi kufunga mdomo akifika shambani. Kwa hiyo mwenzako akitaja imani yake, usifikiri mara moja ati anajionyesha. Pengine anaongea tu kama anavyoongea nyumbani.

SISI NI WATU WA IMANI NYINGI

Katika sensa ya mwaka wa 2019, kwa kila Wakenya 100, kama 33 walikuwa Waprotestanti, 21 Wakatoliki, 20 wa makanisa ya kiinjilisti, 11 Waislamu na 7 wa makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe. Wengine walikuwa wa dini nyingine, na wengine walisema hawana dini. Kikundi chenye watu 25 kina nafasi kubwa ya kuwa na mchanganyiko huo. Msabato atakuwamo, Mkorino mwenye kilemba atakuwamo, Mwislamu pia.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inasema, katika kifungu cha 8, kwamba hakuna dini ya Serikali. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa kuamini, kuabudu na kushika siku yake ya ibada. Tena kinasema mtu asilazimishwe kufanya jambo lililo kinyume cha imani yake, wala asinyimwe kazi au huduma kwa sababu ya dini. Kanisa Katoliki nalo lilifundisha hivyo katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la tarehe 7 Desemba 1965 juu ya uhuru wa dini, kwamba imani haipokelewi kwa kulazimishwa.

Hii inagusa vikundi moja kwa moja. Kikundi kikitaka kuajiri mlinzi au mtu wa kuendesha kinu cha posho, Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 haikiruhusu kumbagua mtu kwa dini yake. Huwezi kusema, "Tunataka aliyeokoka peke yake." Mnaweza kusema, "Tunataka mwaminifu anayejua kuandika, na alete watu wawili wanaomfahamu."

MANENO YA IMANI SI YA AINA MOJA

Ili tusichanganye, tuyagawe mara nne.

Kwanza ni salamu na shukrani. "Bwana asifiwe", "Tumsifu Yesu Kristu", "Assalamu alaikum", "Sabato njema". Haya ni maneno ya amani. Kama si ya dini yako, huna lazima ya kuyarudia. "Asante, na wewe pia" inatosha, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Mwenye kusalimu naye asihesabu ni nani ameitikia na ni nani hakuitikia.

Pili ni ushuhuda. Mtu anasimulia jambo lililompata yeye mwenyewe. Hapa tumsikilize kama tunavyomsikiliza mtu yeyote mwenye furaha au uchungu. Mara nyingi nyuma ya ushuhuda kuna habari ambayo kikundi kinahitaji kujua: mtoto alilazwa, bwana amepoteza kazi, ng'ombe amekufa.

Tatu ni ahadi. "Nitalipa Mungu akipenda." "Nikijaliwa." "Inshallah." Kwa mwenye imani ya kweli, haya ni maneno ya unyenyekevu, maana hakuna anayeijua kesho. Lakini kuna watu wameyageuza kuwa kichaka cha kujifichia. Dawa yake si kugombana juu ya dini. Mweka hazina aulize kwa upole tu: "Amina, mama. Sasa tuandike tarehe gani, na shilingi ngapi?"

Nne ni hukumu. "Kuku wako wanakufa kwa sababu huombi." "Sisi tulio na Yesu hatuwezi kushindwa kama nyinyi." "Huyo wa dini ile hafai kushika funguo." Haya si ushuhuda tena. Hapa mtu ameacha kusema habari zake na ameanza kuhukumu roho ya mwingine. Aina hii ndiyo inayovunja vikundi, na ndiyo mwenyekiti anapaswa kuizuia mapema.

MAHALI PANAPOUMA

1. Pesa. Wengi wetu tukimsikia mtu akiomba vizuri, tunaona aibu kuangalia hesabu zake. Tunasema, "Huyu ni mtu wa Mungu, tutamuulizaje risiti?" Ndugu zetu, hapo ndipo akiba ya mwaka mzima inapopotelea. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kukagua vitabu si kumshuku mtu. Kunamlinda hata yeye mwenyewe, kwa maana siku pesa zikikosekana ataweza kuonyesha daftari na kusema, "Tazameni." Mwaminifu wa kweli atakuwa wa kwanza kuomba vitabu vikaguliwe. Na kinyume chake pia ni kweli: yule mzee anayenyamaza wakati wa kuitikia "Amina" asinyimwe uongozi kwa sababu hiyo. Mwangalieni kwa kazi. Anafika saa ngapi? Amelipa michango? Husema ukweli?

2. Ugonjwa. Mwanachama anaweza kusema, "Nimeombewa, nimepona, nimeacha dawa." Kama ni dawa za presha, sukari, kifua kikuu au virusi vya Ukimwi, jambo hili linaweza kumuua. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida ni miezi sita, hata mtu akijisikia nafuu baada ya wiki chache. Dawa za virusi ni za kila siku, maisha yote. Msimcheke, wala msipinge maombi yake. Mwambieni, "Tunafurahi pamoja nawe. Endelea na maombi na uendelee na dawa, halafu twende kliniki wapime." Mtu mmoja anayemheshimu amsindikize.

Pia, usitoe ushuhuda juu ya ugonjwa wa mtu mwingine. Kusema, "Tumwombee mama fulani, mnajua ana ile hali," ni kufunua siri hata kama umeisema ukiwa umefumba macho. Sheria ya mwaka wa 2006 juu ya Ukimwi inakataza kutangaza hali ya mtu bila idhini yake.

3. Siku na vyakula. Sabato huanza Ijumaa jua likitua na kwisha Jumamosi jua likitua. Swala ya Ijumaa ya Waislamu ni adhuhuri. Mwezi wa Ramadhani huja mapema zaidi kwa kama siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo msitegemee tarehe ya mwaka jana. Kikundi kikiweka kazi ya pamoja kila Jumamosi na faini kwa asiyekuja, kimeshamtoza Msabato faini kwa sababu ya imani yake. Tafuteni siku nyingine, au mpeni zamu yake katikati ya wiki. Mkipika, kumbukeni asiyekula nguruwe, na nyama iwe imechinjwa namna ambayo wote wataweza kula.

4. Riba. Vikundi vingi hukopesha wanachama kwa riba kidogo. Kwa Mwislamu riba ni haramu, kuitoa na kuipokea. Mara nyingi hatasema mkutanoni. Ataacha tu kuja, nanyi mtasema ati ni mvivu. Muulizeni mapema. Njia moja ni kuweka mchango wa mzunguko, ambao hauna riba kwa yeyote, kando na mfuko wa mikopo. Njia nyingine ni kugawana faida ya mradi wenyewe, kama mayai, asali au miche. Yeye mwenyewe ndiye atakayewaambia ni ipi dhamiri yake inakubali.

HATUA AMBAZO KIKUNDI KINAWEZA KUCHUKUA

a) Zungumzeni jambo hili siku ya amani, si siku ya ugomvi. Mkikubaliana, liandikwe katika katiba ya kikundi.

b) Sala ya kufungua mkutano iwe fupi na iende kwa zamu. Leo Mkatoliki, kesho Msabato, kesho kutwa dua ya Kiislamu. Asiyetaka kuongoza asilazimishwe. Dakika moja ya kimya pia ni sala.

c) Ushuhuda mrefu uwe na wakati wake. Ajenda iishe kwanza, vitabu vifungwe, halafu mwenye la kusema apewe dakika tano. Mikono ikiwa kazini, watu wasimulie wapendavyo, bora kazi isisimame.

d) Pesa zihesabiwe mbele ya wote na ziandikwe kabla ya sala ya kufunga. Watia sahihi benki wawe watatu, na ikiwezekana wasitoke kanisa moja wala ukoo mmoja.

e) Anayevuka mpaka aitwe kando. Mwenyekiti asimwaibishe hadharani. Aseme hivi: "Mama, tunashukuru kwa imani yako, inatupa moyo. Lakini lile neno ulilomwambia mzee juu ya kuku wake limemuumiza. Kuku walikufa kwa kideri, na chanjo ndiyo tunayotafuta. Tafadhali zungumza naye." Wengi wakiambiwa hivi husikia.

f) Unayechoshwa na maneno ya dini, usinung'unike pembeni. Mwambie mwenzako kwa heshima: "Dada, mimi napenda kuongea habari nyingine tukipalilia." Naye aliyeambiwa asione kwamba imani yake imekataliwa.

Tukifanya hivi hatupunguzi imani ya mtu. Ndugu wa uamsho walijulikana kwa madeni waliyolipa, na majirani zao waliokuwa hawaingii kanisa lolote waliona. Kijijini mambo hayajabadilika: watu watasikia unavyoomba, halafu watangoja kuona kama umerudisha jembe uliloazima.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu kuna watu wa imani ngapi? Je, tunajua siku zao na vyakula wasivyokula?

2. Kuna mwanachama aliyeacha kuja mwaka huu? Nani atamtembelea ili kumsikiliza, si kumhubiria?

3. Vitabu vyetu vilikaguliwa mara ya mwisho lini, na nani?

4. Ni maneno gani ya imani hutupa nguvu tukiwa kazini, na ni yapi yamewahi kumuumiza mwenzetu?

Katibu aandike majibu, na mkutano unaofuata uanze na lile mlilokubaliana kulitenda.