Kijiji kisichofika watu elfu moja, na treni kila saa

Leo tunasafiri mbali kidogo, mpaka Uswisi, lakini hatuendi Genève wala Zürich. Tunaenda katika komini moja ndogo sana ya milimani, jina lake Bergün Filisur. Watu wake wote pamoja hawafiki elfu moja. Ni kidogo kuliko wanafunzi wa shule moja kubwa ya kwetu. Na bado treni inasimama pale kila saa, asubuhi mpaka usiku, siku ya kazi na siku ya mungu, jua na theluji.

Mtu atasema: «Ah, Uswisi ni matajiri, njo sababu.» Jibu hilo ni rahisi, na lina ukweli ndani yake. Lakini kuko nchi zingine tajiri ambazo zimefunga reli za vijiji vyao, moja baada ya nyingine. Makuta peke yake hayaelezi kitu hiki. Kuko maamuzi yaliyochukuliwa, na maamuzi yale tunaweza kuyachunguza moja moja.

Kwanza, ni wapi?

Komini hii iko kantoni ya Graubünden, mashariki ya Uswisi, katika bonde la mto Albula. Ilizaliwa tarehe 1 Januari 2018, wakati komini mbili jirani zilipoungana: Bergün na Filisur. Filisur ni watu wa kijerumani. Bergün yenyewe ina jina la pili, Bravuogn, kwa kiromanshi, luga ndogo ya milima ya huko ambayo Leta ya Uswisi inaitambua. Hata kibao cha gare yake kina majina mawili: Bergün/Bravuogn.

Vituo vitatu ndivyo vya kukumbuka. Filisur iko chini, karibu mita 1.080 juu ya bahari. Bergün iko katikati, mita 1.373. Juu kabisa kuko Preda, mita 1.789, nyumba chache tu mbele ya mlango wa tuneli. Baada ya tuneli unatokea bonde lingine, Engadin, na mwisho wa safari ni St. Moritz, mji wa watalii.

Reli haikujengwa kwa ajili ya kijiji

Tuseme ukweli tangu mwanzo. Reli ya Albula ilifunguliwa mwaka 1903, na mwaka uliofuata ikafika St. Moritz. Lengo lilikuwa kupeleka watalii kwenye hoteli za Engadin. Mbele ya hapo, watu walipita mlima kwa magari ya farasi. Vijiji vya katikati havikuwa shabaha ya mtu yeyote, vilikuwa njiani tu.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Tuneli ya Albula ina urefu wa mita 5.865. Ndani yake wachimbaji walikutana na mwamba uliovunjika kuwa kama matope ya mchanga, maji yakiingia kwa nguvu. Kampuni iliyopewa kazi ilishindwa, na mwaka 1901 shirika la reli lenyewe likalazimika kuichukua. Wafanyakazi wengi walitoka Italia, na kuko waliokufa mule ndani. Tunapoangalia picha nzuri za treni nyekundu, tusisahau hao.

Mwaka 1909 ikaongezwa njia ya pili, toka Filisur mpaka Davos. Siku ile Filisur ikabadilika. Haikuwa tena kituo cha kupita, ikawa njia panda: treni zinatoka Chur, zinatoka St. Moritz, zinatoka Davos, na zote zinakutana katika kijiji cha watu mia kadhaa.

Reli nyembamba si reli ya aibu

Kitu kimoja kitawashangaza wale wanaosoma masomo ya ufundi. Reli hii ni nyembamba. Upana kati ya vyuma viwili ni milimita 1.000 tu. Reli ya kwetu, ile inayopita Lubumbashi, Kamina na Kalemie, ina milimita 1.067. Maana yake, kwa upana, reli ya kwetu inaishinda kidogo ile ya Bergün Filisur!

Juu ya nini walichagua nyembamba? Juu ya mlima. Reli nyembamba inaweza kupinda kona kali, kwa hiyo unaifuatisha na mlima, hauvunji mlima wote. Karibu na Filisur kuko daraja la Landwasser, la mawe, lenye urefu wa mita 65 toka chini mpaka juu. Limepinda kama upinde, na mwisho wake treni inaingia moja kwa moja katika tuneli, ndani ya ukuta wa mwamba.

Kati ya Bergün na Preda ni ajabu zaidi. Treni inapaswa kupanda zaidi ya mita 400. Ikienda moja kwa moja, mlima ni mkali sana, magurudumu yatateleza. Wahandisi wakaamua kurefusha njia: reli inazunguka ndani ya mlima, inatoka, inapita juu ya njia ileile iliyotoka chini, inaingia tena. Kwa hiyo safari inakuwa kilomita 12 na kidogo, karibu mara mbili ya umbali wa ndege. Lakini mteremko haupiti mita 35 kwa kila mita 1.000, na treni ya kawaida inapanda bila mnyororo wala meno. Mwaka 2008 UNESCO iliiandika njia hii, pamoja na ya Bernina, katika urithi wa dunia. Na mwaka 2022, juu ya reli hiyohiyo nyembamba, waliteremsha toka Preda treni moja ya mabehewa 100, karibu kilomita 2 za urefu, ikawa rekodi ya dunia ya treni ya abiria.

Siri iko katika ratiba

Sasa tufike kwenye kiini. Kuwa na reli ni kitu kimoja, kuwa na safari ni kitu kingine. Sisi tunajua vizuri: chuma kinaweza kulala chini miaka na miaka bila treni kupita.

Mwaka 1982 Uswisi ilianza ratiba ya namna moja kwa nchi nzima: treni inapita kila saa, dakika ileile. Kama kwenu inapita dakika ya 4 baada ya saa, itapita dakika ya 4 asubuhi, mchana na jioni. Mtu hana haja ya kubeba karatasi. Anakariri namba moja tu maisha yake yote.

Lakini hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kuonana kwa treni. Katika vituo vikubwa treni za pande zote zinafika karibu wakati mmoja, watu wanabadilisha, kisha zote zinaondoka. Mwaka 1987 raia walipiga kura na kukubali mpango mkubwa wa kupanga nchi nzima vile, na hatua yake kubwa ilianza kazi Desemba 2004. Wazo lake ni la akili sana: treni haihitaji kwenda mbio inavyoweza, inahitaji kufika kabla wenzake hawajaondoka. Mfano ni njia ya Zürich na Bern. Walijenga reli mpya ili safari ishuke chini kidogo ya saa moja. Hawakutafuta sifa ya mwendo, walitafuta treni ifike mbele ya saa kamili ili abiria wapate zingine.

Filisur inafanya kazi ileile kwa udogo wake. Njia ya kule ni moja, treni mbili haziwezi kupishana popote, zinapishana penye kituo. Kwa hiyo walipanga treni ya kwenda St. Moritz na ile ya kuteremka Chur zikutane pale, na ya Davos iwe karibu inangojea. Dakika chache tu, kijiji kinakuwa kama soko la treni, kisha kinanyamaza tena. Kwa njia hiyo mtu wa Filisur anafika Davos chini ya nusu saa, Chur karibu saa moja, na pale Chur anapata treni kubwa ya Zürich. Haishi mwisho wa dunia. Anaishi ndani ya mtandao.

Nani analipa?

Hapa njo penye mafunzo. Tiketi za abiria wa vijiji hazitoshi kulipa gharama yote, na hakuna anayeficha jambo hilo. Kanuni ni hii: Leta na kantoni «zinaagiza» safari kwa shirika la reli, kama vile mteja anavyoagiza bidhaa. Wanakubaliana mapema ni safari ngapi, kwa bei gani, na pengo kati ya gharama na tiketi linalipwa na makuta ya umma. Sheria inatambua kwamba hata mahali penye wakaaji 100 panaweza kuhesabiwa katika huduma hii. Kumi na mbili elfu hazihitajiki, mia moja inatosha kuanza mazungumzo.

Shirika lenyewe, Rhätische Bahn, ni kampuni, lakini sehemu kubwa ya hisa iko mikononi mwa kantoni na Leta. Na kwa ajili ya kutengeneza reli, raia walipiga kura tena Februari 2014, wakakubali kuwekwe mfuko maalumu wa kudumu wa reli. Maana yake, makuta ya matengenezo hayangojei huruma ya waziri wa mwaka huu ao wa mwaka kesho.

Faida yake inaonekana mule Albula. Tuneli ya 1903 ilikuwa imezeeka. Mwaka 2010 iliamuliwa: badala ya kuipaka dawa, ichimbwe mpya pembeni yake. Kazi ilianza 2014, treni zikaendelea kupita katika ile ya zamani, na Juni 2024 mpya ikafunguliwa. Gharama ilikuwa karibu faranga za Uswisi milioni 400. Ile ya zamani haikutupwa, inageuzwa kuwa njia ya kukimbilia wakati wa hatari. Katika miaka yote hiyo treni ya Preda haikufa.

Na kwa Preda hii si maneno ya bure. Wakati wa theluji, barabara ya kupita mlima inafungwa. Kipande cha Bergün mpaka Preda kinageuka njia ya kutelezea kwa vigari vya mbao: watu wanapanda kwa treni na vigari vyao, wanateremka wakicheka, wanapanda tena. Wakati ule, Preda haina barabara, ina reli tu. Kama treni ya kila saa ingekatwa kwa sababu «watu ni wachache», Preda ingefungwa kama chumba.

Tusidanganyane

Bergün Filisur ina bahati. Iko njiani kwenda St. Moritz, na watalii wanajaza mabehewa. Kijiji cha bonde lingine lisilo na St. Moritz mwisho wake kinapewa basi, si treni. Tena, treni haizuii vijana wote kuondoka. Komini mbili kuungana mwaka 2018 kunaonyesha vilevile kwamba udogo ni mzigo: kazi za ofisi ni zilezile, watu ni wachache.

Lakini treni inabadilisha swali ambalo kijana anajiuliza. Bila usafiri, swali ni: «Nibaki ao nisome?» «Nibaki ao nifanye kazi?» Na treni ya kila saa, mtu anaweza kufanya kazi Davos na kulala Filisur. Kuondoka kunakuwa chaguo, hakuwi lazima. Siye wenye diploma tulioacha mama na baba kijijini tunajua tofauti ya vitu hivyo viwili.

Kwa hiyo siku watakapotuletea mpango wa reli, na hotuba, na kukata utepe, tusiulize tu kilomita ngapi. Tuulize: treni itapita mara ngapi kwa siku, na saa ileile kila siku? Itakutana na nini kule inakofika: basi, mashua, treni ingine? Pengo la tiketi litalipwa na nani, kwa mkataba gani? Na baada ya miaka 30, wakati daraja limeanza kupasuka, makuta ya kulitengeneza yako katika mfuko gani?

Watu wa Bergün Filisur hawafiki elfu moja, lakini kila moja ya maswali haya lina jibu lililoandikwa kwao. Wewe msomaji, kwa njia ya reli ao ya mashua inayopita kwenu, ni swali gani kati ya hayo lina jibu leo? Andika chini tusomane.