Nyumbu, Moto na Ngano: Nyasi za Serengeti Zinavyochunguzwa

Mwanasayansi wa mazingira anayechunguza nyika za nyasi hufanya sehemu kubwa ya kazi yake akiwa amepiga magoti. Huweka chini fremu ya mraba, hukata nyasi zote zilizomo, huzitia kwenye mfuko wa karatasi, huzikausha, kisha huzipima. Uzito huo humwonyesha kiasi cha malisho mahali pale. Akirudia baada ya mvua, baada ya moto na baada ya wanyama kupita, huanza kuona ni nini hasa kinachoiendesha nyika. Vipimo hivyo huunganishwa na picha za setilaiti na hesabu ya wanyama inayofanywa kwa ndege.

Sehemu chache duniani zimechunguzwa hivyo kwa muda mrefu kama Serengeti nchini Tanzania na Maasai Mara nchini Kenya. Katika miaka ya 1970 Samuel McNaughton, wa Chuo Kikuu cha Syracuse nchini Marekani, alizungushia uzio vipande vya nyasi ili nyumbu wasivifikie, akavilinganisha na nyasi za nje ya uzio. Palipoliwa nyasi zilichipua upya, mbichi na laini, na baadaye swala tomi wakaja kulisha papo hapo. Kwa hiyo kuliwa si lazima kuwe uharibifu. Nyika hizi zimekua pamoja na midomo inayozila.

Ushahidi mkubwa zaidi wa jinsi walaji nyasi wanavyoiendesha nyika ulitokana na ugonjwa. Sotoka iliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, ikaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi na kuwaletea Wamasai njaa kali. Ng'ombe walipochanjwa katikati ya karne ya 20, wanyamapori nao walipona, kwa sababu chanzo cha maambukizi kilikuwa mifugo. Nyumbu wa Serengeti, waliokuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, walizidi milioni moja kabla ya 1980. Walikula nyasi ambazo zamani zilibaki zikakauka na kuwaka. Moto ulipopungua, miche ya miti ilipata nafasi ya kukua. Mwaka 2009 mtafiti Ricardo Holdo na wenzake walionyesha kwamba kwa njia hiyo Serengeti iliacha kutoa kaboni hewani, ikaanza kuihifadhi. Chanjo ya ng'ombe iligusa hesabu ya hewa ukaa, jambo ambalo hakuna daktari wa mifugo wa wakati ule angeweza kulitarajia.

Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, matumizi ya ardhi yalichukua mkondo mwingine. Katika nyanda za Loita, Narok, ardhi nyingi iligawanywa kwa watu binafsi, na wengi wakaikodisha kwa mashamba makubwa ya ngano yanayolimwa kwa trekta. Nyumbu waliozalia huko walipungua kwa zaidi ya robo tatu kati ya miaka ya 1970 na 1990. Watafiti Katherine Homewood, Eric Lambin na wenzao walizilinganisha pande mbili za mpaka na kuchapisha matokeo mwaka 2001: ongezeko la watu na wingi wa ng'ombe havikutosha kueleza tofauti. Kilichoamua zaidi ni sera ya umiliki na bei ya sokoni. Matokeo hayo yanastahili kujulikana sana, maana mfugaji ndiye aliyezoea kulaumiwa.

Mabadiliko ya tabianchi huongeza uzito juu ya hayo yote. Ukame wa 1993 uliwaua nyumbu wengi sana, na kiangazi kundi zima hutegemea maji ya Mto Mara, unaoanzia Msitu wa Mau ambako miti imefyekwa kwa miongo kadhaa. Mnyama aliyezoea kuhama kufuata mvua huumia zaidi anapokuta shamba au uzio njiani. Mwaka 2019 kundi la watafiti likiongozwa na Michiel Veldhuis lilieleza kwamba makazi, mashamba na mifugo inayoongezeka kandokando vinawasukuma wanyama katikati ya hifadhi, na huko udongo umeanza kupoteza uwezo wake wa kuhifadhi kaboni.