Anodi huacha, kathodi hukaribisha!

Usiombe ukutane na binti wa kidato cha tano aliyekata tamaa. Nilikwenda Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba kule Songwe, kumjulia hali dada yangu. Nikamkuta mpwa wangu yuko likizo, madaftari kayatupa pembeni, macho yamemvimba.

"Shikamoo mjomba. Kemia basi. Nikirudi shule naomba kuhamia masomo ya sanaa."

Kisa? Seli za umeme. Ukurasa mmoja unasema anodi ni hasi, mwingine unasema ni chanya. "Sasa nishike lipi?"

Aise, mimi mwenyewe enzi zangu nilikariri tu, nikavuka. Nikajikaza kisabuni.

Tukachukua malimau manne ya dada, misumari ya bati na vipande vya waya wa shaba. Kila limau tukalichoma msumari huku na shaba kule, visigusane. Tukayaunga kwa mfuatano, shaba ya hili na msumari wa lile. Mwisho tukaunganisha kitaa chekundu kilichong'olewa kwenye redio mbovu. Kimya. Tulipokigeuza miguu, kikawaka! Hafifu, lakini kikawaka.

Siri ni hii. Msumari wa bati umepakwa zinki, na zinki huachia elektroni kwa urahisi kuliko shaba. Elektroni hizo hupita kwenye waya hadi upande wa shaba, zikapokewa na ioni za haidrojeni zilizomo kwenye asidi ya limau. Safari hiyo ndiyo umeme. (Malimau hayo usile, zinki imeshayeyukia humo.)

Maabara hutumia zinki ndani ya zinki salfeti na shaba ndani ya kopa salfeti, katikati daraja la chumvi la kusawazisha chaji. Hapo unapata kama volti 1.10. Mwingereza John Daniell alitengeneza seli ya zinki na shaba mwaka 1836.

"Sasa hiyo anodi chanya inatoka wapi?"

"Mama, hujaona malori ya shaba ya Zambia yanayopita Tunduma kwenda bandari ya Dar?"

"Nayaona kila siku."

"Yale mabamba yanaitwa kathodi."

Akanikodolea macho. Nikamweleza kwamba kiwandani umeme huingizwa kutoka nje. Shaba chafu ndiyo anodi, imeungwa kwenye chanya. Inaacha elektroni na kuyeyuka. Ioni zake zinaogelea hadi kathodi, upande wa hasi, zinapokea elektroni na kuganda kuwa shaba safi, asilimia 99.99.

Kwa hiyo alama hubadilika, kazi haibadiliki. Kwenye seli inayozalisha umeme, anodi ni hasi kwa sababu elektroni zinasukumwa nje kutokea pale. Kwenye inayokula umeme, chanzo cha nje kinazinyonya pale, anodi inakuwa chanya.

Binti akaruka. "Kumbe anodi huacha, kathodi hukaribisha!"

Naam! Herufi A kwa A, K kwa K. Akaiandika kwa mkaa ukutani, mama yake akamgombeza hadi majirani wakachungulia.

Asubuhi nilimkuta yuko swali la kumi na moja. Habari za kuhamia sanaa sikuzisikia tena. Dada ndiye aliyebaki na neno moja tu: nani atalipa malimau?