Bendera Hufuata Upepo, Mlengaji Huifuata Bendera

Bendera hufuata upepo, walisema wahenga, na walisema hivyo kwa kumcheka mtu asiye na msimamo. Lakini uko uwanja mmoja nchini Uingereza, mahali paitwapo Bisley katika kaunti ya Surrey, ambapo bendera hazichekwi hata kidogo. Zimesimamishwa kuanzia karibu na walengaji hadi kwenye shabaha, na mtu aliyelala kifudifudi na bunduki begani huzitazama kama mtahiniwa atazamavyo swali la kwanza. Yadi 1,000 mbele yake, yaani mita 914, ipo shabaha yenye duara la alama tano ambalo upana wake haufiki mita moja.

Huo ndio mchezo wa kulenga shabaha ya mbali. Chama cha kitaifa cha mchezo huo nchini Uingereza kiliasisiwa mwaka 1859. Mwaka uliofuata kikaandaa mashindano yake ya kwanza huko Wimbledon, Malkia Victoria mwenyewe akifyatua risasi ya ufunguzi, na mwaka 1890 kikahamia Bisley. Tuzo yake kuu, inayoitwa ya Malkia au ya Mfalme kwa kumfuata aliye kitini, ilianza kwa zawadi ya pauni 250. Hata leo hakuna anayetajirika kwa kuishinda.

Hapana shaka msomaji atauliza: je, mchezo huu si wa matajiri? Bunduki mpya ni ghali, risasi ni ghali, na hata koti la kulengea lina bei yake. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, maoni yetu ni kwamba mtu wa kipato kidogo anaweza kuuingia na akafika mbali, mradi tu asiyafuate mambo kinyumenyume. Wengi hununua chombo kwanza, kisha wakatafuta elimu. Mwenye fedha chache hana budi kuanza na elimu.

Tuone kwa nini. Risasi ya milimita 7.62 huchukua kama sekunde moja na nusu kuzikata yadi 1,000. Upepo mwanana wa kilomita tano kwa saa, ambao hautikisi ila majani, ukivuma kutoka ubavuni waweza kuisukuma kando zaidi ya nusu mita. Kwa hiyo bunduki iliyo bora kuliko zote, mikononi mwa asiyeujua upepo, hukosa kwa ustadi mkubwa. Nahodha wa jahazi wa pwani yetu angelielewa jambo hili upesi. Hakuna aliyewahi kuununua ujuzi wa kusi na kaskazi dukani. Aliupata kwa kukaa chomboni, kutazama tanga na kusikiliza waliomtangulia. Mlengaji naye hutazama bendera, huyatazama mazigazi yanavyotiririka katika darubini, kisha huandika daftarini alichokiona na mahali risasi yake ilipotua. Daftari hilo ni rahisi kuliko risasi moja, na thamani yake hupita ya vifaa vingi.

Historia yatupa ushahidi mwingine. Mwezi Septemba mwaka 1874, timu ya Ireland ilivuka bahari kwenda kupambana na Wamarekani katika uwanja wa Creedmoor, karibu na New York. Waairishi walikuwa walengaji wenye sifa kubwa. Walishindwa kwa alama 934 dhidi ya 931. Mmoja wao alikuwa amelenga sawasawa, akapiga katikati kabisa, ila katika shabaha isiyokuwa yake. Risasi ile ingalimpa alama nne, na Ireland ingaliibuka na ushindi wa alama moja. Kuisoma namba ya shabaha yako kabla ya kufyatua hakugharimu hata senti.

Basi anayeanza afanyeje? Kwanza, ajiunge na klabu. Nchini Uingereza mwanachama mpya wa klabu iliyoidhinishwa huwekwa katika majaribio kwa muda usiopungua miezi mitatu, na katika muda huo hutumia bunduki ya klabu chini ya uangalizi. Wahenga walituonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Bunduki ya kuazima, kinyume chake, husitiri mfuko.

Pili, aanze na bunduki ndogo ya kipenyo cha .22 katika masafa mafupi. Risasi zake ni za bei nafuu, nazo hufundisha yale yale: kulala vizuri, kuituliza pumzi, na kuvuta kifyatulio bila kukikurupusha. Mazoezi mengine hayahitaji risasi hata moja. Kwa ruhusa ya mkufunzi, na baada ya kuhakikisha kwamba bunduki haina kitu ndani, mlengaji hulenga na kufyatua mara nyingi, akichunguza kama mkono wake umetikisika.

Tatu, wakati wa kununua utakapofika, anunue kilichotumika, akiandamana na mzoefu wa kuukagua mtutu. Achague kipenyo cha kawaida kama milimita 7.62. Mtutu wa aina hiyo hustahimili maelfu ya risasi, ilhali aina zitumiazo baruti nyingi kusukuma risasi nyembamba huula mtutu upesi. Halafu ajifunze, pale sheria inaporuhusu, kuyajaza upya maganda ya shaba baada ya kufyatuliwa, kwani ganda moja huweza kutumika mara kadhaa. Kilichosalia katika bajeti akitie katika risasi za mazoezi na ada za mashindano, wala si katika mapambo.

Anayedhani haya ni maneno ya kujifariji na amkumbuke Marjorie Foster. Mwaka 1930 mama huyo, mfugaji wa kuku, aliwashinda wanajeshi na mabingwa kwa tofauti ya alama moja, akawa mwanamke wa kwanza kuitwaa Tuzo ya Mfalme huko Bisley.

Najua neno bunduki halipokelewi kwa furaha masikioni mwetu. Kwetu limebeba kilio cha wizi wa mifugo na cha familia zilizovamiwa usiku. Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, haimruhusu raia kumiliki bunduki bila leseni, nayo ni sheria ya kuheshimiwa. Simwambii mwanafunzi yeyote akatafute bunduki. Namwambia atazame jinsi mchezo huu unavyomfunga mtu kwa kanuni: hakuna anayefyatua kabla ya amri, na amri ya kusitisha hutiiwa papo hapo. Asiyeweza kutii hana nafasi uwanjani, hata awe na mali ya Karuni.

Mwalimu naye ana lake la kuchukua. Mara ngapi tumeahirisha somo kwa sababu maabara haijakamilika, au tumeufuta mchezo kwa sababu viatu havijanunuliwa? Vifaa vinahitajika, na wajibu wa kuvidai haufutiki. Lakini mwanafunzi anayengoja chombo kizuri ndipo aanze kujifunza atapitwa na yule aliyeanza na cha kuazima, akaandika makosa yake kila jioni, na asubuhi akarudi kuyasahihisha. Siku chombo kizuri kitakapofika, huyo wa pili ndiye atakayejua la kukifanyia. Wa kwanza atakuwa bado anauliza upepo unavuma kutoka wapi.