Kwa Nini Kivinjari Hakiiamini Kamera ya Nyumbani?

Kwetu Noonkopir, hapa Kitengela, tuna kamera mbili za kulinda nyumba. Kisanduku kinachonasa picha zake kiko juu ya kabati. Ukiandika anwani yake, 192.168.1.64, kivinjari kinapiga kelele ati muunganisho si salama na huenda kuna mtu anataka kuiba siri zako. Fundi aliyezifunga alimwambia mama, "Hiyo si kitu, bonyeza tu uendelee." Basi mama akazoea kubonyeza kila jioni.

Likizo ya Agosti tulikuwa mjini Kajiado tukinywa chai hotelini, simu ikitumia waifai ya bure. Mama akafungua ukurasa wa chama chake cha akiba. Lo! Onyo lile lile. Kidole kikaanza kushuka.

"Mama, ngoja kwanza!"

"Kwani si ni ile ya kamera?"

Nilimwomba azime waifai, akafungua kwa bando lake, na onyo likatoweka. Pesa zilikuwa salama, lakini usiku huo sikulala vizuri.

Sasa nieleze. Kila tovuti salama huonyesha cheti, na cheti ni kama barua ya chifu unapoomba basari. Barua ina nguvu kwa sababu aliyeitia sahihi anajulikana. Kivinjari nacho kina orodha ya machifu wake, yaani mamlaka za kutoa vyeti. Mojawapo ni Let's Encrypt, iliyoanza kutoa vyeti vya bure mwaka 2015. Kisanduku chetu kilijiandikia barua chenyewe na kujitilia sahihi. Pengine kinasema kweli, lakini karani gani atakubali barua hiyo?

Wala huwezi kwenda kukinunulia cheti. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za mitandao ya ndani tu, na hata jirani yako anaweza kuwa na 192.168.1.64 yake. Chifu atamthibitisha nani? Kanuni za mamlaka hizo zinakataza, na vyeti vya namna hiyo vilivyokuwa vimetolewa zamani vilitakiwa kufutwa kufikia Oktoba 2016.

Dawa ni kuwa chifu wa nyumba yako. Mjomba wangu, anayetengeneza kompyuta, alinisaidia Jumamosi nzima. Kwanza tuliiambia ruta isibadilishe anwani ya kisanduku. Kisha, kwa programu ya bure iitwayo OpenSSL, tukatengeneza cheti mama, na kwa huyo mama tukatia sahihi cheti cha kisanduku. Hapa tulikwama hadi saa nane. Tuliandika anwani mahali pa jina la kawaida, na tangu mwaka 2017 Chrome haisomi hapo. Husoma sehemu ya majina mbadala peke yake. Tulipoiandika huko, tukakipakia cheti kwenye kisanduku kupitia ukurasa wake wa mipangilio, na cheti mama tukakiweka katika simu ya mama, sehemu ya usalama. Simu ilionya kwamba mtandao wako unaweza kuchunguzwa. Ni kweli kabisa! Mwenye ufunguo wa siri wa cheti mama anaweza kuidanganya simu hiyo kwa jina la tovuti nyingi, hata za pesa. Kwa hivyo ufunguo wetu uko kwenye flashi, na flashi iko ndani ya sanduku la mama lenye kufuli. Usikubali kamwe cheti mama cha mtu usiyemjua.

Kabla ya kazi hiyo yote, tazama saa ya kompyuta yako. Betri yake ndogo ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka, na kila cheti huonekana kibaya.

Siku hizi kamera zinafunguka kimya. Juzi onyo lilitokea kwenye tovuti nyingine, na mama aliniita kwa sauti hadi jirani akatoka nje kuuliza kuna nini.